Filimbi Nzito ya Mwanasha

Wifi yangu Mwanasha ana mdomo uliopinda. Nalitanguliza hili kwa sababu watu wa Msambweni hulitanguliza kabla hata ya jina lake, na mimi sitaki mtu alisikie kwa mwingine. Upande wa kushoto wa uso wake ulilala ghafla asubuhi moja akikanda unga wa mahamri, na ulipoamka haukuamka wote. Daktari alisema ni mshipa. Mtaa ulisema ni kofi la jini. Mwanasha alisema, "Basi huyo jini ana mkono dhaifu, maana ulimi kaniachia," akaendelea kukanda.

Mimi naitwa Maimuna, dada wa marehemu mume wake. Kwa kawaida mtu na wifi yake hawasifiani. Huvumiliana, na wakikutana harusini hupimana khanga kwa macho. Lakini huyu nitamsifu, na asiyependa na azibe masikio.

Baba yake, Mzee Shutu, alikuwa mpigaji chivoti, ile filimbi ya mwanzi ya Wadigo inayoshikwa kwa ubavu na kupulizwa kwenye tundu la kando. Chake kilikuwa kirefu, chenye sauti ya chini, sauti ya mtu mzima anayezungumza taratibu na mwanawe. Alikuwa na wimbo mmoja usio na maneno, wa kumtolea binti siku ya harusi yake. Hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hivyo alimfundisha Mwanasha, wawili hao peke yao shambani, maana kwetu husemwa mwanamke akipuliza filimbi huita nyoka. Mwanasha huniambia kuwa alipuliza utoto wake wote, na nyoka wa pekee aliyewahi kumwona alikuwa anakimbia.

Kisha akaolewa kwetu. Sisi ni watu wa chuo cha Kurani na msikiti, tuna heshima zetu, na wakati mwingine heshima hizo huwa nzito kwa wengine kuliko kwetu wenyewe. Wazee wetu walimpelekea Mzee Shutu salamu: aje harusini, ale, anywe, ila chivoti akiache nyumbani. Mzee akaja. Nilimwona ameketi pembeni ya mkeka, vidole vinachezacheza juu ya goti, huku binti yake akitolewa kwa kaseti. Mwanasha naye alimwona kupitia dirishani. Hilo hakulisahau, na sidhani kama alijaribu.

Kaka yangu Feisal hakuwa mume mbaya. Alikataa jambo moja tu, filimbi ndani ya nyumba yake. Mwanasha akamtii mpaka alipomzika, akakaa eda yake kwa adabu zote, na alipotoka kitu cha kwanza alichotafuta ni mwanzi. Hapo ndipo alipojua kwamba mdomo ulikuwa umeshamsaliti. Chivoti chataka midomo iliyokaza pande zote. Ya kwake ilivujisha pumzi kushoto, na mwanzi ukatoa upepo mtupu. Alilia siku ile, nilikuwepo. Baadaye akaukata mwanzi vipande vipande, akauchochea jikoni ukaivisha uji.

Kazi yake ni kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Twaiba, bintiye wa pekee, alikuwa ameshaposwa siku ile Mwanasha aliposikia sauti ikitoka veranda ya mgeni. Mgeni mwenyewe alikuwa amekaa akipuliza bomba refu la chuma, na hakulishika kwa ubavu. Alilipuliza kwenye ncha, kama mtu anywaye dafu kwa mrija. Sauti ilikuwa ya chini na nene. Mwanasha akaacha mashuka njiani, akaenda mpaka pale, akamwonyesha kwa kidole: nigeuzie nione mdomo wa bomba. Mgeni akaligeuza. Kwenye ncha palikuwa na ufa mwembamba wa kuingizia pumzi, na chini yake kidirisha kilichochongwa makali, vile vile ilivyo filimbi ya refa. Midomo haikuhitajika kukaza chochote. Bomba lenyewe ndilo lililoikunja pumzi na kuipeleka panapotakiwa.

Jioni alikuja kwangu moja kwa moja, na sare ya kazi mwilini.

"Wifi," aliniambia kabla ya salamu, "nimepata mdomo."

Akanieleza, kisha akasema lile alilokuwa amelikusudia siku zote: "Twaiba atatolewa kwa wimbo wa babu yake, na mpulizaji ni mimi."

Siri kwetu haikai. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, kaka yangu mkubwa Abdurahman akafika nyumbani kwa Mwanasha. Tangu Feisal alipofariki, yeye ndiye aliyetarajiwa kuwa walii wa Twaiba, yaani yule atakayemwoza mbele ya imamu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti na kahawa hakuigusa.

"Mwanasha, nasikia wataka kupuliza bomba harusini."

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Si bomba, ni filimbi. Wala sitaki kupuliza. Nitapuliza."

"Mbele za watu?"

"Mbele za wanawake wenzangu, uani. Mwanamume gani ataniona?"

"Sizungumzii kuonekana, nazungumzia kusikika," alisema Abdurahman. "Mjane wa Feisal, watu wakae barazani wamsikie akipuliza! Likisikika dubwana hilo, mimi Twaiba simwozi. Mtatafuta mwengine."

Mimi nilishika kifua. Mwanasha alikuwa akikunja khanga zilizoanuliwa, akaendelea kukunja. Abdurahman si shetani, na alipoona hakujibiwa akalegeza kidogo.

"Ikiwa huna budi, nunua kile kifilimbi kidogo, kile cha watoto. Upulize kidogo, watu wacheke, yaishe. Lakini si hilo la sauti nzito. Sauti nzito ni ya wanaume."

"Kahawa yako yapoa, shemeji," alisema Mwanasha.

Jumamosi tukapanda tuk-tuk kutoka Ukunda mpaka ufukweni Diani, mahali wauza vinyago walipopanga meza zao. Huko alikuwako mtu aitwaye Kombe, Mduruma wa Kinango, fundi wa mabomba ya maji. Zamani mzungu mmoja mkaazi wa Diani alimpelekea filimbi ndefu iliyopasuka aiunge. Kombe akaiunga, akaipima, akaielewa, na tangu hapo akawa anatengeneza zake kwa mabomba ya plastiki yanayobaki kazini. Mbele ya meza alikuwa amepanga filimbi za mwanzi zilizochorwa twiga, matundu yake yamepangwa sawasawa kama vifungo vya shati. Mwanasha hata hakuziinua.

"Hizi ni za ukutani," alisema.

Kombe akacheka, akamnyooshea kijifilimbi kinachong'aa. "Chukua hii, mama. Akina mama huchukua hizi."

"Akina mama gani?"

"Wengi tu."

"Basi wapigie simu waje wachukue. Mimi nipe zile ndefu."

Zile ndefu zilikuwa nyuma, zimefunikwa gunia. Moja ilikuwa ya chuma, aliinunua kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Nyingine tatu alizitengeneza mwenyewe kwa bomba la kijivu. Kombe akaichukua ile ya chuma, akaipa bahari mgongo, akapuliza. Wallahi ililia vizuri. Mimi nilikuwa nimeshafungua mkoba, nataka tulipe twende zetu.

"Imelia," Mwanasha akakubali. "Lakini imelia kwa pumzi yako. Wewe utakuja kwetu kupuliza? Mdomo utakaopuliza ndio utakaochagua."

Kombe akaifuta ncha kwa kitambaa, na alipokuwa akimpa, jicho lake likateleza likaangukia ule upande wa kushoto. Mwanasha akaliona.

"Hauambukizi," alimwambia.

Akaishika ile ya chuma jinsi baba yake alivyomfundisha kushika chivoti kirefu. Hakutumia ncha za vidole. Alivilaza vidole vyenyewe, nyama ya katikati ndiyo ikaziba tundu. Hata hivyo tundu la mwisho lilikuwa mbali, na kidole cha mkono wa kulia kilipolifikia, kingine kilifunuka. Pumzi ikatoroka.

"Utazoea, mama. Vidole hunyooka."

"Vidole hivi vimekamua mashuka tangu wewe hujaota ndevu. Kama havijanyooka mpaka leo, havitanyooka kwa sababu ya bomba lako. Lete hizo za kijivu."

Za kijivu Kombe alizitoboa kwa akili. Matundu mengine aliyafanya mapana, mengine membamba, akayasogeza ili mkono wa kawaida uyafikie. Mwanasha akachukua moja, akaelekea baharini, akapuliza. Ikatoa mfoo tu wa pumzi. Akapuliza tena, mfoo ule ule. Wauza vinyago wakaanza kusogea. Kijana mmoja wa bara, shingo imejaa vishikio vya funguo vya kuuza, akapaza sauti, "Mathe, hiyo imezima! Ichaji kwanza!" Watu wakacheka. Nyuma yao mtu mwingine akasema, "Si filimbi, ni ule mdomo."

Nililisikia hilo nikageuka nimtafute aliyesema, nami wanaonijua wanajua kuwa nilikuwa na nia mbaya. Mwanasha hakugeuka. Alisimama pale pale, macho kafumba, khanga imemnata miguuni kwa upepo wa kusi. Akapeleka kidole karibu na kile kidirisha cha filimbi, akakiacha hapo kidogo. Halafu akaondoka na filimbi mkononi, akazunguka nyuma ya ukuta wa mawe wa hoteli ya jirani. Kombe akamkimbilia, akidhani ameibiwa.

Nyuma ya ukuta hapakuwa na upepo, na filimbi ikasema. Kombe akasimama mdomo wazi.

"Upepo wapita dirishani," Mwanasha akamwambia. "Wabeba pumzi kabla haijagusa yale makali. Ndiyo maana wewe huipa bahari mgongo ukipuliza."

"Mimi? Mimi husimama tu hivyo," akasema Kombe. Kisha akajipiga kichwani. "Kumbe! Ndiyo maana watu hujaribu hapa mezani wakaniambia zimekufa! Na mimi huwarudishia pesa zao!"

Mwanasha alikuwa hamsikilizi tena. Alijaribu zote tatu pale ukutani bila haraka yoyote. Aliziba matundu yote, akapuliza pumzi ndogo, aone kama ile sauti ya chini kabisa itakaa au itakatika. Akaongeza nguvu bila kubadili vidole, aone kama itaruka juu safi au itapiga kelele njiani. Ya kwanza ilikatika. Ya pili ilikaa chini vizuri, lakini juu ilikuwa imepotoka, hailingani na sauti yake ya chini. Ya tatu ilikuwa na maandishi ya kiwanda cha mabomba bado ubavuni. Hiyo akaipuliza, akanyamaza, akaipuliza tena, na safari hii nikausikia mwanzo wa wimbo wa Mzee Shutu, ule Mwanasha aliozoea kuuimba kwa pua akifua. Hakuendelea mbele.

"Hii," alisema.

"Hiyo sijaimaliza, mama. Ngoja niipake rangi, nikuchoree hata samaki."

"Usiiguse."

Akailipia bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo pale ufukweni ni karibu na kashfa. Kombe kwa kuchanganyikiwa akampa nasaha bure: kabla ya kupuliza aitie kichwa kwapani ipate joto, la sivyo mvuke wa pumzi utageuka maji ndani ya ule ufa na sauti itazibika.

Tangu siku hiyo kila alasiri akitoka kazini akawa yuko chumbani anajifunza upya. Pumzi ndiyo iliyompa taabu, maana bomba refu hula pumzi, na ilimbidi ajue pa kuvuta nyingine bila kuuvunja wimbo. Siku moja nilitoka kwake kwenda dukani nikagundua jambo. Nikasimama barabarani, nikatega sikio. Sikusikia kitu. Nikasogea mpaka kwenye uzio. Kimya. Nikaingia ndani nikamkuta anapuliza kwa nguvu zake zote.

Nilicheka hata nikakaa chini.

"Wifi! Sauti nzito haifiki popote! Yajaa humu chumbani tu! Kile kidogo alichokuruhusu Abdurahman ndicho kingesikika mpaka Gazi!"

Mwanasha akatabasamu kwa ule upande wake mzima. Nami nikaona njia imefunguka. "Ngoja nimwambie kaka. Nitamwambia hata akae mlangoni hatasikia. Roho yake itatulia, atamwoza mtoto, nawe utapuliza. Yameisha."

Akaiweka filimbi mapajani.

"Usimwambie."

"Kwa nini? Umeshashinda!"

"Nimeshinda nini? Sitaki ruhusa ya kutosikika, Maimuna. Baba yangu alinyamazishwa kwa adabu, na kahawa akapewa. Nami nikipuliza kwa sababu hakuna atakayenisikia, nimemfanyia nini? Nimejificha tu, na filimbi mkononi."

Hasira ilinishika, si juu yake. Niliwaonea hasira wote waliotufundisha kwamba jambo la mwanamke ni halali mradi lisitoke nje ya chumba.

Kesho yake alivaa buibui akaenda kwa imamu, akamuuliza waziwazi: ami mkubwa akikataa kumwoza mtoto kwa sababu ya filimbi, itakuwaje? Imamu akavuta pumzi, akasema filimbi yeye binafsi haipendi, lakini haoni kwa nini nikahi ifungwe kamba moja na filimbi. Swabir, mdogo wake Abdurahman, naye ni ami wa binti, daraja moja. Atasimama yeye. Mwanasha akarudi, akanituma kwa kaka yangu na maneno haya haya: "Mwambie shemeji asijisumbue. Swabir ameshaipiga pasi kanzu yake."

Siku ya nikahi Abdurahman alifika msikitini kabla ya bwana harusi. Alikaa mbele kabisa, karibu na imamu, hata Swabir na kanzu yake ya pasi akajikuta nyuma. Alimwoza Twaiba kwa sauti ya wazi. Lakini alipofika nyumbani kwa Mwanasha alinikuta langoni, akanionyesha kidole.

"Nimemwoza mtoto wa ndugu yangu, nimetimiza haki yake. Sasa nakaa hapa. Nikilisikia dubwana hilo, nitapiga hodi, nitaingia, nitalivunja kwa goti langu. Mwambie."

Akavuta kiti, akakiweka kando ya lango. Nikaenda nikamwambia Mwanasha. Alikuwa ameitia filimbi kwapani, chini ya leso, anaipasha joto.

Uani palijaa. Turubai lilikuwa limefungwa, spika zimewekwa pembe zote, na wanawake walikuwa wakipiga kwa vijiti pembe za vugo, ngoma yao ya harusi, hata hausikii anayekunong'oneza sikioni. Twaiba akaletwa, hina mpaka viwikoni, akaketishwa. Mwanasha akasimama katikati na lile bomba lake la kijivu lenye maandishi ya kiwanda. Wapo waliogusana viwiko. Kiongozi wa vugo, mama mtu mzima mwenye huruma, akamsogelea.

"Puliza tu, mwanangu. Sisi tutakufunika na vugo. Yule hapo nje hatajua kitu."

"Ahsante, mama. Zimeni spika."

"Ati?"

"Zimeni spika. Na pembe ziwekeni chini. Sikuinunua hii ili ifunikwe."

Pakatokea minong'ono. Wengine wakatazama lango, wengine wakautazama mdomo wake. Akangoja. Spika zikazimwa, moja ikabaki, nayo ikazimwa. Vijiti vikakoma. Mtoto aliyekuwa akilia akapewa titi. Ndipo Mwanasha akapuliza.

Mimi sijui kuueleza muziki. Najua sauti ilianza chini, ikakaa hapo, haikutaka kumpendeza mtu. Najua wimbo ulipopanda, wanawake walioketi nyuma waliinuka wakasogea mbele, kwa kuwa kule nyuma haukufika. Twaiba alikuwa ameonywa asilie asije akaharibu wanja, akauharibu wote. Nami nilimwona Mzee Shutu pale kwenye mkeka, vidole juu ya goti, nikaona aibu kwa niaba ya ukoo wangu mzima, nikalia kwa sauti.

Lakini Abdurahman pale langoni alikuwa hasikii filimbi. Alichosikia ni kimya, na hakuna mwanamume wa Msambweni aliyewahi kusikia ua wa wanawake ukinyamaza katikati ya harusi, isipokuwa pamefikwa na msiba. Kiti kikaanguka. "Hodi! Hodi!" Wanawake wakajifunika khanga. "Kuna nini humo? Nani amekufa? Twaiba yu hai?" Akalisukuma lango, akaingiza kichwa na bega moja, uso umemtoka jasho, na hapo akaisikia.

Mwanasha akaitoa filimbi mdomoni. Upande wa kushoto wa mdomo wake ulikuwa umelowa. Hakugeuka kuuficha. Akaufuta kwa kiganja mbele ya shemeji yake na mbele ya wanawake wote.

"Nyamaza, shemeji," akasema. "Bado sijamaliza."

Akairudisha mdomoni, akauanza wimbo upya toka mwanzo, na Abdurahman akabaki pale langoni, mkono wake juu ya komeo.